Siku Tatu na Mama Kwenye Mabanda ya Dubai

Tangu Novemba 2023, Riyadh ilipochaguliwa kuandaa Maonyesho ya Dunia ya 2030, kibanda changu cha viondo, vile vikapu vya mkonge, pale soko la Kariokor, Nairobi, kimegeuka ofisi ya habari. Mtu akisikia kwamba nilienda yale ya Dubai, ananivuta kando. Ilikuwaje? Ulitumia pesa ngapi? Nikienda nitapata wanunuzi? Nimekuwa nikijibu nimesimama, mteja mmoja akingoja chenji na mwingine akijaribu mkanda begani, na kila mara mtu akishaondoka nakumbuka jambo ambalo sikumwambia. Ndiyo maana nimeketi kuyaandika yote mara moja, pamoja na makosa, kwa sababu makosa ndiyo yaliyonila pesa nyingi.

Nilikwenda Machi 2022, mimi na mama yangu. Wakati huo alikuwa na miaka 66. Yeye ndiye aliyenifundisha kusokota mkonge pajani nikiwa msichana mdogo kwetu Machakos, na hadi leo karibu nusu ya viondo ninavyouza vinatoka mikononi mwake na mwa wenzake wa kikundi. Sikutaka kwenda bila yeye. Tena ukweli ni kwamba nilitaka aone kazi yake inafanana na nini duniani, kabla miguu haijakataa.

Sisi tuliokulia Nairobi, maonyesho kwetu ni Shoo ya Jamhuri Park. Unaingia asubuhi, unapita banda hadi banda, watoto wanalilia kuona ng'ombe wa maziwa, na saa kumi mko kwenye matatu mkirudi na mfuko wa vipeperushi. Nilifunga safari ya Dubai na picha hiyo kichwani, nikaikuza tu kidogo. Kosa hilo ndilo lililozaa mengine yote. Uwanja ule ulikuwa hekta 438. Nchi zilikuwa 192, na kila moja ilikuwa na banda lake. Zamani nchi zisizo na uwezo zilikuwa zinakusanywa pamoja chini ya paa moja, na Dubai ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kila nchi kupewa mlango wake. Banda la nchi tajiri ni jengo zima, lina kumbi, filamu na mkahawa. La nchi ndogo ni chumba kimoja, na vijana wawili watatu wanakungoja mlangoni. Uwanja wenyewe ulikuwa umegawanywa sehemu tatu, Fursa, Usafiri na Uendelevu, na katikati limesimama kuba la Al Wasl, mita 67.5 kwenda juu. Siku tatu haziwezi kuyamaliza hayo. Mimi nilikuwa nimewaahidi wenzangu wa chama, kikundi chetu cha akina mama cha kukopeshana, kwamba nitayamaliza.

Niseme habari za pesa, maana hapo ndipo watu hunong'ona. Safari yetu sisi wawili ilikula shilingi 265,000. Nauli ya ndege 124,000, viza 27,000, hoteli ya mtaa wa Deira, Dubai, siku sita 33,000, chakula na usafiri kama 45,000. Hizo sizijutii. Zinazoniuma ni 36,000 zilizobaki. Wakala aliyetushughulikia viza alinitoza 24,000 kwa "tiketi za maonyesho", sita kwa jumla, tatu zangu na tatu za mama, kila moja 4,000. Sikuuliza swali hata moja. Nililipa kwa simu nikiwa kazini na nikaendelea kuhudumia wateja. Tulipofika langoni ndipo nilipojua kwamba mtu wa miaka 60 kwenda juu anaingia bure. Na tiketi yenyewe ya siku moja, kwa bei ya kawaida, ilikuwa dirhamu 95, kama shilingi 2,950 kwa bei ya wakati ule. Kulikuwa pia na ya siku nyingi kwa dirhamu 195, kama shilingi 6,000, na hiyo ilikuruhusu kuingia na kutoka kwa mwezi mzima. Hesabu yake ni rahisi: 6,000 zingetutosha sote wawili, nikatoa 24,000. Zile 12,000 nyingine zilikwenda kwa vipimo vya korona ambavyo wakala alishikilia ni lazima, ilhali tangu tarehe 26 Februari mtu aliyechanjwa alikuwa anaingia Dubai kwa cheti chake cha chanjo tu. Kila anayeniuliza namwambia hivi: tiketi nunua kwenye tovuti ya waandaaji wenyewe, na kabla ya kulipa soma ni nani anayeingia bure. Wazee, watoto, wanafunzi, watu wenye ulemavu, wote walikuwa na nafasi yao.

Katika pesa hizo, 150,000 zilikuwa mkopo wa chama. Niliomba nikiwa nimesimama mbele ya akina mama ishirini, nikasema nitarudi na wanunuzi. Maneno hayo nilipanda nayo ndege, na nadhani ndiyo yaliyonifanya nikimbie vile nilivyokimbia siku ya kwanza.

Kuhusu majira. Maonyesho yalianza tarehe 1 Oktoba 2021 yakaisha 31 Machi 2022. Yaliitwa Expo 2020 kwa kuwa korona ndiyo iliyoyasukuma mwaka mzima. Sisi tulikuwa tumepanga Januari. Mwishoni mwa Desemba, Falme za Kiarabu zikawazuia wasafiri kutoka Kenya na nchi kadhaa za Afrika, zikawafungulia mwishoni mwa Januari. Kufikia wakati tulipopata ndege ya bei tunayoiweza, ulikuwa mwezi wa mwisho. Na mwezi wa mwisho ndio kila aliyekuwa akisema "nitaenda kesho" anaenda. Kwa jumla watu waliingia zaidi ya mara milioni 24 katika ile miezi sita, na mimi niliona kama wote wamekuja wiki yetu. Ukiweza, nenda mwanzoni.

Siku ya kwanza tulitoka Deira asubuhi kwa metro. Treni ni safi na ina behewa la wanawake na watoto, mama alilipenda sana. Hairuhusiwi kula wala kunywa ndani, ukishikwa ni faini, kwa hivyo chai yetu ya chupa tuliimalizia kituoni. Safari ni ndefu, zaidi ya saa nzima hadi kituo kilichojengwa mlangoni pa maonyesho. Langoni mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Mama alikuwa amebeba kiondo alichokianza nyumbani, na ndani yake shazia la kushonea mikanda. Askari akalitoa, akalitazama, akatikisa kichwa. Mama alikuwa nalo tangu kabla sijaolewa. Tuliliacha pale. Akaniangalia tu, hakusema kitu, na mimi nikamwambia twende, tunachelewa.

Pale ndani wanauza kijitabu cha manjano kama pasipoti, dirhamu 20. Kila banda unaloingia wanakupigia muhuri. Ni zawadi nzuri kwa watoto, na watoto waliifurahia kwelikweli. Mimi niliifanya kazi. Nikajiambia kila muhuri ni nchi niliyofika, na chama kitauona. Tukaanza kuingia na kutoka. Dakika tano hapa, dakika tatu kule, muhuri, twende. Mama akisimama kutazama kitambaa ukutani, mimi niko mlangoni namwita. Mchana tukajiunga na foleni ya banda moja la nchi tajiri, lile ambalo kila mtu alikuwa akilipiga picha. Foleni ilikuwa karibu saa mbili. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, na kufikia saa tisa visigino vilikuwa vimechubuka. Mama alianza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba hadi alama za kamba za viatu zikabaki ngozini kama zimechorwa.

Na hata pale sikutoka foleni. Nilimwambia "Bado kidogo tu, mama." Nimeandika sentensi hiyo na bado inaniumiza.

Tuliingia hatimaye, tukaona picha kubwa sana zinazotembea ukutani, dakika kama ishirini hivi, tukatokea upande wa pili penye duka. Siwezi kukueleza nilijifunza nini mle. Jioni hotelini nilihesabu mihuri kumi na saba. Mama alikuwa amelala chali, miguu juu ya mto. Akaniuliza, "Hiyo ya tatu ni nchi gani, na wanalima nini?" Sikujua. Akasema, "Mwanangu, leo umenitembeza kwenye milango." Tuligombana. Nilimwambia kuhusu mkopo, kuhusu akina mama ishirini, kuhusu pesa za tiketi nilizoibiwa macho yakiwa wazi. Nililia kuliko nilivyolia kwa miaka mingi. Aliniacha nimalize, kisha akasema kesho tutaenda kuuliza jambo moja tu kila tunapoingia: hawa wanasukia nini?

Nataka msomaji ashike hilo kuliko bei zote nilizotaja. Uende na swali lako. Banda la taifa limejengwa na watu waliolipwa kufikiria wewe uone nini, uanzie wapi, utokee wapi. Ukiingia bila swali, utaona walichokupangia na kutoka. Ukiwa na swali, hata kama ni dogo la kijijini, yule kijana anayesimama mlangoni siku nzima akirudia maneno yaleyale anashtuka, anatabasamu, na anaanza kuzungumza nawe kama mtu.

Siku ya pili nilivaa raba. Langoni nilimwona msaidizi aliyevaa fulana ya wafanyakazi wa kujitolea nikamwonyesha miguu ya mama. Hakuuliza mengi. Alituelekeza penye viti vya magurudumu, na akatuambia kwamba katika mabanda kadhaa wazee wana njia yao fupi, mradi useme. Jana tulikuwa tumepita mbele ya viti hivyo bila kuviona, na hakuna aliyetuambia kwa sababu hatukuuliza. Mama mwanzoni alikataa, akasema yeye si mgonjwa. Nikamwambia kiti ni cha kubebea kiondo, yeye atakisindikiza. Akakaa.

Nilikuwa nimejifunza pia kutumia programu ya simu ya maonyesho, ile inayokuruhusu kushika nafasi katika baadhi ya mabanda kwa saa fulani. Nafasi za siku zinaisha mapema, kwa hivyo uamke na simu mkononi. Japani, kwa mfano, bila kushika nafasi usingeweza kuiona, na sisi hatukuiona. Simu yenyewe inakwisha chaji haraka kwa ramani na picha, beba pawa benki. Maji usinunue, kulikuwa na mabomba ya maji ya kunywa ya bure, unahitaji chupa tu. Sahani ya chakula nayo ilifika dirhamu 45 au 60, kwa hiyo tulikuwa tunashiba kabla hatujaondoka Deira.

Tulichagua mabanda sita tu kwa siku nzima, yote upande mmoja.

Uholanzi ndiyo tuliyokaa kuliko zote. Mlangoni unapewa mwavuli, na hujui wa nini. Ndani kuna giza, baridi, na mnara mrefu wa umbo la pia iliyopinduliwa, umeoteshwa mimea nje na uyoga ndani. Wao walikuwa wanavuna maji kutoka hewani, katikati ya jangwa, na maji hayo yananywesha mimea. Kisha picha zinaanza kucheza juu ya miavuli yenu wenyewe, kila mwavuli kipande cha picha, na mvua inanyesha katikati ya chumba. Mama alinyoosha mkono akaigusa. Yeye ni mtu wa Ukambani; mvua si pambo kwake. Tulipotoka akamwita kijana aliyekuwa akituongoza, nikatafsiri. Aliuliza: mashine hiyo ikiletwa Machakos itatoa maji kiasi gani, na inakula umeme kiasi gani? Kijana akasema kweli tupu. Hewa ya Dubai ni ya pwani, imebeba unyevu mwingi, na hata hivyo kuyakamua maji hayo kunataka umeme. Mahali pakavu kuliko hapo, palipo juu, utapata maji pungufu kwa umeme uleule. Mama akatikisa kichwa akasema, "Basi sisi tuendelee na vidimbwi." Hakuvunjika moyo hata kidogo. Alikuwa amepata jibu la mtu mzima kwa swali la mtu mzima, na siku nzima alikuwa mchangamfu.

Uingereza walikuwa wanamwomba kila mgeni neno moja, kompyuta ikaliunganisha na ya wengine kuwa shairi, na maneno yakawaka usoni pa jengo. Mama alitoa "mvua". Moroko jengo lao lote lilikuwa na kuta za udongo, udongo mbichi ulioshindiliwa, unapanda juu ghorofa baada ya ghorofa. Tulizigusa. Nikafikiria nyumba ya nyanya yangu tuliyoibomoa ili tujenge ya mawe kwa sababu majirani walikuwa wameshajenga za mawe.

Lakini vyumba vidogo ndivyo vilivyotulipa. Katika chumba cha nchi moja ya visiwani, mwanamke alikuwa ameketi anasuka mkeka wa ukindu. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno kumi. Mama alitoa kiondo chake, akamwonyesha jinsi anavyoanza kitako, yule akamwonyesha jinsi anavyofunga ukingo. Walikaa hivyo karibu nusu saa. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikiwa sina kazi, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Nairobi sikutazama saa.

Rwanda tuliuliza habari za agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho wamekiweka hadi kwenye nembo ya taifa. Walituelezea jinsi wanawake waliokuwa pande mbili za msiba wa 1994 walivyoketi kusuka pamoja, na jinsi vikapu hivyo vilivyoanza kuuzwa kwenye maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005. Mama akauliza swali ambalo mimi, mfanyabiashara, sikulifikiria: nani anakagua kila kikapu kabla hakijasafirishwa? Hapo nikatoa daftari. Kwetu kila mtu anasuka kwa kipimo chake. Kiondo cha mama Fulani kina kitako cha mviringo, cha jirani yake kimejikunja. Sokoni Kariokor mteja anachagua. Duka la ng'ambo halichagui, linataka mia vinavyofanana.

Sasa niseme lililonitia aibu. Mimi nilibeba viondo vinane vizuri kwenye mfuko, nikidhani nitaingia kwenye banda, nimpate mhusika, nimfungulie. Nilifanya hivyo mara tatu siku ya tatu. Kila mara nilijibiwa kwa upole kwamba wahudumu wa banda hawapokei bidhaa kutoka kwa wageni, na kwamba mikutano ya biashara hupangwa mapema kwa majina. Mara ya tatu yule dada alinisaidia hata kurudisha viondo mfukoni, na wema wake ndio ulioniumiza. Nilikuwa nimevuka bahari na mzigo ambao hakuna aliyeniomba.

Banda la Kenya lilikuwa upande wa Fursa. Tulifika jioni, na kijana wa mlangoni akasema "Karibu mama, karibu nyumbani," na mama akashuka kwenye kiti, akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Nadhani hakutaka kuingia kwao akiwa anasukumwa. Alizungumza Kiswahili hadi akachoka, baada ya siku tatu za kutafsiriwa. Mmoja wa vijana pale aliona mfuko wangu akanielewa bila kuambiwa. Akanieleza taratibu. Nchi huchagua watakaokuja kuonyesha bidhaa miezi mingi kabla. Mahali pa kuanzia ni Nairobi, katika wakala wa serikali unaokuza mauzo ya nje, KEPROBA, uulize orodha inafungwa lini na masharti ni yapi. Ukija kama mgeni tu, lete kadi za biashara, picha nzuri, bei kwa dola na idadi unayoweza kutengeneza kwa mwezi. Mzigo uache nyumbani. Maneno hayo yangenifikia nikiwa Kariokor, umbali wa matatu moja tu kutoka mjini, kama ningeuliza.

Banda la Tanzania nalo kijana alimwamkia mama "Shikamoo", na mama akaitika "Marahaba" kwa sauti ambayo watu wote wa foleni walisikia. Hapo Nairobi salamu hiyo anaipata kwa nadra.

Mnunuzi pekee tuliyempata hakutoka ndani ya banda lolote. Alitoka foleni. Mama alikuwa anasuka tangu siku ya pili, kila tuliposimama, mkonge umelazwa mapajani, vidole vinakwenda bila macho. Kusuka hakuhitaji shazia. Mikanda ndiyo ingengoja. Watu walikuwa wanasimama kumtazama. Mwanamke mwenye duka la zawadi Sharjah, mji jirani wa Dubai, aliuliza ni uzi gani ule, akashika kitako, akavuta kwa nguvu kuona kama kitafumuka. Akachukua namba yangu. Mei akaagiza viondo kumi na viwili. Baada ya mkonge, kazi na nauli ya mzigo wa ndege nilibaki na faida ya shilingi 9,000. Agosti akaomba sitini kwa wiki tatu. Kiondo kizuri cha mkonge humchukua mwanamke mmoja wiki mbili au zaidi, na kikundi chetu wakati huo kilikuwa na wasukaji kumi na mmoja tu. Nilikubali kwa kuogopa kumpoteza. Nikapeleka ishirini na tatu, vitako havifanani, na hakuagiza tena. Ningemwambia ukweli siku ile ya kwanza, ishirini kwa mwezi basi, nadhani tungekuwa naye hadi leo.

Usiku wa mwisho tulikaa chini ya kuba la Al Wasl. Taa zinapakwa juu ya kuba lote kutoka kila upande, rangi na ndege na nyota, muziki unasikika hadi mgongoni. Umma ulikuwa umejaa sakafuni, wengine wamelala chali na watoto wao vifuani. Mama hakusuka kwa muda wote huo. Alishika mkono wangu, na ule ugomvi wa hotelini uliisha hapo bila mtu kuutaja.

Mkopo niliulipa kwa miezi kumi na minne. Niliwaeleza akina mama wa chama kila kitu, pamoja na tiketi na viondo sitini. Wawili walikasirika, na walikuwa na haki. Wengine wakauliza habari za agaseke, na kutoka hapo tukaanza kupima vitako kwa sahani moja ya bati, kila msukaji ana yake, zote za ukubwa mmoja. Leo wasukaji ni ishirini na saba. KEPROBA nimeshakwenda, nimeuliza maswali yangu yote nikiwa nimeyaandika, na nimerudi mara ya pili na kikundi kikiwa kimesajiliwa.

Riyadh itaanza tarehe 1 Oktoba 2030 hadi 31 Machi 2031. Tumefungua akaunti ya pembeni ya safari tu, shilingi 500 kila wiki, bila mkopo. Tunalenga Januari, kunapokuwa na baridi kidogo kule na umati wa mwisho bado haujafika. Mungu akipenda mama atakuwa anakaribia miaka 75. Amekwisha kuanza kuandika maswali yake, la kwanza ni kuhusu rangi za miti zisizotoka zikioshwa. Kiti cha magurudumu nitakiomba langoni, asubuhi ya siku ya kwanza.